Barua za Mashine kwa Mzee Nukta

4 Machi

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumai mguu umepoa na masikio hayajazidi. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoagiza, maana simu huisikii na herufi za simu huzioni, na mimi nikikaa wiki bila kukuambia mambo nitapasuka. Mama anakusalimu. Anasema kaka yake amezeeka kwa makusudi ili asipigiwe simu.

Mashine mpya imefika! Juzi, tarehe 2, saa sita mchana, tuliizima ile ya kwako, ile ya feni tatu iliyokula masikio yako, tukawasha mpya. Haina kelele hata kidogo. Nikikaa mle chumbani nahisi nimesahau kitu mahali. Skripti zote, orodha zetu zote za amri, nimezihamisha: zangu thelathini, zako kumi na moja.

Balaa likaanza hapo hapo. Skripti yangu ya ripoti ya usambazaji imekataa kuanza kabisa. Mashine imeniambia eti chaguo la "pipefail" ni haramu. Haramu! Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mkuu wa bohari alikuwa amesimama nyuma yangu anasubiri hiyo ripoti. Ya pili ilianza vizuri, ikachapa lebo mia tatu za masanduku ya chanjo, na kila lebo ina "-e" mwanzoni. Mkuu kaja na lebo moja kaishika kwa vidole viwili kama kashika mende. "Hii e ni ya nini, ni daraja la ubora?" Nimemwambia ni majaribio. Mungu anisamehe.

Siku mbili hizi sijatulia, Mjomba. Nakaa, nainuka, naenda kuangalia majokofu, narudi, nakuta kingine kimekufa. Zako tu ndizo hazijalalamika. Kumi na moja, hata neno moja! Rafiki yako Fundi Barafu alipita na mfuko wake wa spana, akachungulia, akasema, "Mwachie Mzee Nukta, yule alikuwa anaandika kwa msumari." Hebu niambie ulikuwa unafanyaje. Nijibu upesi, gari la vifurushi linapita kwenu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi.

Mpwa wako,
Kiherehere


7 Machi

Wewe Kiherehere, marahaba.

Mguu haujapoa. Mwambie mama yako uzee hauna makusudi, ungekuwa na makusudi ningemwachia yeye.

Sasa sikiliza. Nilikufundisha nini mwaka wa kwanza ulipoletwa kwangu na miguu yako isiyotulia? Nilikuambia mashine haikusikii wewe. Kati yako na mashine yupo mkalimani, anaitwa ganda, ndiye anayesoma amri zako mstari kwa mstari. Maganda yapo mengi. Lipo kubwa lenye maneno ya ziada, lipo dogo linalojua maneno ya msingi tu. Maneno ya msingi yanajulikana na yote. Yale ya ziada ni madoido. Wewe unapenda madoido, ulianza nayo kwenye viatu ukaja nayo kwenye skripti.

Kosa lako ni hili. Mstari wa kwanza wa skripti umeandika "isomwe na ganda la kawaida", kama nilivyokufundisha. Halafu huko chini umejaza madoido. Kwenye mashine yetu ya zamani ukiita ganda dogo aliyeitika alikuwa lile kubwa, kajificha ndani ya jina la mdogo wake, akakusomea madoido yako yote, ukajiona fundi. Kwenye mashine mpya aliyeitika ni mdogo mwenyewe. Hayajui.

Hiyo "pipefail" toa. Usilitegemee ganda likuambie, katika amri zilizoungana kama mabomba, ni bomba gani limevuja. Tenga hatua, kila moja iandike kwenye faili lake, uliza imefaulu au la, ndipo uende inayofuata. Mistari itakuwa mirefu, na iwe. Kwenye lebo amri ya kuchapa iwe "printf" badala ya "echo", hiyo e yako itaondoka na daraja lake.

Halafu ushukuru. Skripti inayokufa kwa kelele imekutendea wema. Iogope ile inayokosea huku inatabasamu.

Kwa hiyo nakuuliza jambo moja, unijibu bila kupindisha. Ile yangu ya kengele ya jokofu kubwa, inayosoma kipimajoto kila saa ikigonga, umeijaribu? Unajua kazi yake: joto likizidi nyuzi nane inapiga kengele ya ukumbini na ile ya nyumbani kwa Barafu, lisipozidi inaandika SALAMA daftarini. Pale boharini ni hiyo tu inayobeba roho za watoto wa watu. Mimi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nilikuwa nachovya kipimajoto kwenye kikombe cha maji ya moto, nasubiri saa igonge, nasikia kengele kwa masikio yangu, nilipokuwa nayo. Usiamini kwa kuwa niliandika mimi. Chovya.

Mjomba wako,
Nukta


10 Machi

Mjomba, shikamoo.

Asante! Ripoti imekubali. Nimetoa madoido yote kwenye skripti tisa, zimebaki ishirini na moja, na vidole vinaniuma. "Printf" imeua ile e. Mkuu kaniuliza mbona daraja limeondoka, nikamwambia chanjo zote sasa ni daraja moja, akaridhika.

Kengele nimeijaribu. Inalia vizuri, usiwe na wasiwasi.

Niache niendelee, hapa watu watatu wananiita kwa mpigo.

Kiherehere


Kwa: nukta
Kutoka: mashine ya bohari
13 Machi, saa 9 mchana

Joto: 13
kengele, mstari wa 17: [[ : amri haijulikani
Daftarini: SALAMA


Kwa: nukta
Kutoka: mashine ya bohari
14 Machi, saa 4 asubuhi

Joto: 21
kengele, mstari wa 17: [[ : amri haijulikani
Daftarini: SALAMA


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Utanisamehe mwandiko, naandika mbio.

Jana asubuhi mtunza bohari alitoa vichupa vya kupeleka zahanati. Kila kichupa kina kile kialama cheupe kinachogeuka cheusi chanjo ikipata joto, unakijua. Vilikuwa vyeusi. Akatoa trei nyingine, vyeusi. Jokofu zima, Mjomba! Vichupa elfu mbili na mia nne. Na jokofu lenyewe baridi shwari, nyuzi nne. Zahanati sita zimewarudisha kina mama nyumbani na watoto migongoni.

Kamati ya bohari imekaa jana hiyo hiyo. Wakafungua daftari lako. Kila saa, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili: SALAMA, SALAMA, SALAMA. Sasa kama jokofu lilikuwa salama siku zote hizo, chanjo zilipata joto lini? Ijumaa mchana Fundi Barafu alikuwa amezitoa abadilishe mpira wa mlango. Alizipanga kwenye masanduku ya baridi, anaapa hazikukaa nje hata dakika kumi. Lakini hapana pengine pa kulaumu. Wamemsimamisha kazi. Kesi yake itasikilizwa tarehe 31, na mkuu anasema akikutwa na hatia anafukuzwa, na barua yake itasema kwa nini, na hapo hakuna jokofu litakaloguswa na mikono yake tena.

Waliniuliza mimi kama daftari linaweza kukosea. Nikasema haliwezi. Nikasema skripti ile aliandika Mzee Nukta, na Mzee Nukta hajawahi kukosea hata nukta. Wote wakageuka wakatazama picha yako ukutani, wakaitikia kwa kichwa.

Barafu alinitazama, Mjomba. Ndiye aliyetengeneza jokofu la mama mara tatu bila kuchukua hata asante. Nilisema kweli, sivyo? Daftari ni daftari. Mbona basi nakuuliza wewe?

Mpwa wako,
Kiherehere


19 Machi

Mpwa wangu,

Barafu hawezi. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na mbili. Mtu yule chai yake yenyewe anaipima joto. Mimi na yeye tumetaniana mpaka watu wakadhani ni ugomvi, nimemwita mwizi wa spana, nimemwita baba wa kutu, lakini kuacha chanjo juani? Hawezi.

Nimesoma barua yako ya tarehe 10 mara nyingi. Umeandika "inalia vizuri". Kengele yangu ina namna yake ya kulia. Niliipanga mwenyewe, sikumwambia mtu, na aliyeisikia hata mara moja hawezi kuisahau. Wewe ulipokuwa mwanafunzi wangu, siku za Jumatatu ya kwanza ulikuwa huonekani, una mguu wa kuzurura. Basi niambie: inaliaje?

Nijibu kwa gari la kwanza.

Nukta


24 Machi

Mjomba,

Sijui inaliaje. Sikuijaribu.

Nimekaa na barua yako siku nzima mfukoni, nikawa kila nikiinama inaniwasha. Nilikudanganya. Siku ile nilikuwa na skripti ishirini na moja za kurekebisha, na mkuu mlangoni, na nikajiambia ya Mjomba haina haja. Nilisoma zangu zote. Za kwako sikufungua hata moja. Niliona ni kama kumkagua mzazi mifuko.

Leo nimechemsha maji. Nimechovya kipimajoto, nikakaa ukumbini nikasubiri saa igonge. Saa tisa kamili. Maji yalikuwa nyuzi sitini na mbili, Mjomba, mvuke unapanda. Kimya. Nikaenda daftarini nikakuta limeandika SALAMA, wino bado mbichi.

Nikafungua skripti yako. Mstari wa kwanza: ganda la kawaida. Safi. Mstari wa kumi na saba, pale panapouliza "je, joto limezidi nane?", swali limefungwa kwa mabano mawili ya mraba kila upande. Mabano mawili! Hayo ni madoido ya ganda kubwa. Ganda dogo likifika pale linasema hili neno silijui, linahesabu jibu kuwa hapana, linaruka chini kuandika SALAMA. Jokofu liwe barafu, liwe jiko, SALAMA. Tangu tarehe 2 daftari halijapima chochote. Linaandika tu.

Mtu kaichezea skripti yako. Haiwezekani uwe wewe. Wewe ulinifutia skripti nzima mwaka wa kwanza kwa bano moja kama hilo. Nani aliingia humo baada yako? Nikimjua nitamkamata kwa kola.

Na kuna jambo lingine. Nilijiuliza, kama ganda halikulijua lile neno, mbona halikulalamika? Zangu zililalamika, malalamiko yakanijia kwenye sanduku langu la barua ndani ya mashine. Kumbe zako ziko kwa jina lako. Nilipohamisha sikuthubutu kulifuta, niliona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kila kitu zinachosema kinakwenda kwenye sanduku la "nukta". Nimelitazama kwa nje tu. Lina barua mia tano thelathini na moja. Moja kila saa, tangu siku tuliyowasha mashine.

Nakumbuka zamani ulikuwa unakuja asubuhi na kikombe chako unasoma barua za mashine kabla ya kusalimia watu. Joto la kila saa lilikuwa humo, au nakosea? Daftari linaandika neno moja tu, lakini barua zinataja nyuzi. Kama zinataja, basi zinajua jokofu lilipata joto siku gani na saa ngapi, na Barafu yuko huru.

Lakini ni barua zako. Nina ufunguo wa kila sanduku na sijawahi kufungua la mtu. Nipe ruhusa, Mjomba. Kesi ni tarehe 31. Kamati bado sijaiambia lolote, naogopa, nakiri naogopa.

Kiherehere


26 Machi

Mpwa wangu,

Barua za mtu hazifunguliwi. Ndivyo nilivyokulea.

Hiyo kengele ulipaswa kuijaribu, na ulinidanganya kwa maandishi, jambo ambalo baba yako hajalifanya na mama yako hajalifanya. Peleka kamati ulichokiona kwenye kikombe, kinatosha. Hayo ya mstari wa kumi na saba na nani aliandika yaache kwanza. Nipe siku chache nifikiri.

Nukta


27 Machi

Mpwa wangu, Kiherehere wangu,

Barua ya jana ichome. Nimemkimbilia dereva wa vifurushi na mguu huu mbovu nimwombe anirudishie, nikakuta vumbi. Kesho Jumapili halipiti. Hii itaondoka Jumatatu, Mungu aiharakishe.

Hakuna mtu wa kumkamata kola. Ni mimi.

Siku ya kuniaga, unaikumbuka? Watu wamejaa ukumbini, keki imeletwa, mkuu kashika hotuba. Mimi nilikuwa chumba cha mashine. Asubuhi ile kipimajoto cha zamani kilikuwa kimekufa, tukafunga kipya, na swali la joto ilibidi liandikwe upya kabla sijakabidhi funguo. Wananiita. Nikaandika kwa mabano mawili kwa sababu ndiyo niliyokuwa natumia nyumbani kwenye mashine yangu, kwa starehe zangu. Ndiyo. Mimi niliyekufokea mwaka mzima, nyumbani natumia madoido. Nyani haoni kundule. Nikaijaribu, ikafanya kazi, kwa kuwa lile ganda kubwa lilikuwa limevaa jina la dogo. Nikajiambia nitairudia kabla sijatoka. Nikaenda kukata keki. Sikurudi.

Nimelijua hilo miaka saba. Si kila siku. Lakini ulipoandika kwamba zangu hazikulalamika hata moja, niliukumbuka mstari ule, ndiyo maana nikakuambia chovya. Ningekuwa mwanamume ningekuambia "soma mstari wa kumi na saba". Nikaona aibu mbele ya mpwa wangu. Nikatumia maji ya moto yaseme badala yangu. Na juzi ulipoomba ruhusa nikanyima, kwa sababu najua nyuzi zimo mle, na najua malalamiko yamo mle, kila saa, kwa jina langu. Barafu amekaa nyumbani bila kazi na mimi hapa nalinda picha ya ukutani. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Fungua zote. Zisome mbele ya kamati kwa sauti. Hii barua nayo isome, yote, na hapo pa nyani usiparuke. Picha ishusheni.

Mjomba wako,
Nukta

Kengele inalia mara tatu, inanyamaza kidogo, halafu mara moja. Mara tatu ni za Barafu kuamka, ile moja ni ya kumwambia "na wewe, mwizi wa spana".


29 Machi

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 26 imefika. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Nikalia, halafu nikakasirika, na hasira bado ninayo, kwa hiyo leo sikusalimii.

Nimezifungua. Bila ruhusa. Unilaani ukitaka, lakini mimi adabu yangu imeshamsimamisha mtu kazi. Sikusoma skripti yako kwa adabu. Sikufuta jina lako kwa adabu. Nilisimama mbele ya kamati nikasema Mjomba hakosei, kwa adabu. Nikikaa nangoja ruhusa kwa adabu Barafu anafukuzwa keshokutwa.

Nyuzi zimo. Ijumaa, Barafu alipofunga mlango: nne. Jumamosi saa nne asubuhi: tano. Halafu zinapanda, kila saa barua, kila barua inasema neno silijui, neno silijui, mpaka Jumapili asubuhi nyuzi ishirini na moja. Jumapili mchana zinaanza kushuka. Nimemfuata mlinzi wa lango nikamuuliza. Ndipo akakumbuka taa za upande wa majokofu zilizimika Jumamosi asubuhi zikawaka kesho yake. Mbona hukusema? Eti, "Sikuulizwa."

Mashine ilikuwa inalia saa zote hizo, Mjomba, na sote wawili tulikuwa tunasifiana.

Na tarehe ambayo skripti yako iliguswa mara ya mwisho nimeiona. Najua ni siku gani. Nilijua tangu jana na bado nilitaka iwe mtu mwingine. Siku ile aliyetumwa kuja kukuita ni mimi. Nilikuja mara tatu. Mara ya tatu nilikushika mkono nikakuvuta kutoka kwenye kiti, nikasema, "Mjomba, keki itaota nywele!" Ulikuwa unaandika. Ulicheka ukaja.

Keshokutwa nikiulizwa nani aliandika mstari ule nitasema ni mimi. Nilikuwa mwanafunzi, watasamehe. Picha yako ibaki.

Kiherehere


5 Aprili

Mjomba wangu, shikamoo.

Leo nakaa vizuri nikuandikie kwa mpangilio, maana najua umekuwa ukichungulia barabarani.

Asubuhi ya tarehe 31, natoka nyumbani, dereva wa vifurushi akanipungia barua yako kupitia dirishani. Nimeisoma nikitembea. Nilipofika mlango wa ukumbi nilikuwa nimefikia pale pa keki, ikabidi nisimame nimalize. Kwa hiyo niliingia na macho mekundu, na Barafu aliponiona akadhani nimekuja kumzika.

Nimewaambia yote. Nimeanza na uongo wangu wa kengele. Nimechovya kipimajoto mbele yao, tumesubiri saa igonge, kimya, daftari likaandika SALAMA. Mkuu akashika kichwa. Halafu nikasoma barua za mashine, za Jumamosi na Jumapili, moja moja. Mwenyekiti akauliza, "Na huo mstari aliandika nani?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mimi. Mkononi nina barua yako. Nikasoma barua yako. Yote, na nyani pia. Hakuna aliyecheka isipokuwa Barafu.

Amerudishwa kazini siku hiyo hiyo, na barua ya kuombwa radhi. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na nimelistahili. Mkuu akasema picha ishushwe kama ulivyoomba. Barafu akasema, "Iacheni hapo hapo. Mkiishusha atapata pa kujificha." Imebaki.

Skripti nimeiandika upya. Bano moja moja, maneno ya msingi tu. Nimeijaribu kwenye ganda dogo, kubwa, na jingine la tatu ambalo hata sijui nani analitumia. Na kama swali la joto halikujibiwa kwa sababu yoyote, inapiga kengele; SALAMA haiandikwi mpaka ithibitishwe. Jina lako sikulifuta. Nimeongeza langu na la Barafu pembeni yake. Zile mia tano thelathini na moja nimekuchapia, ziko kwenye bahasha hii nene. Ni zako.

Leo ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nilichemsha maji. Barafu akaja mwenyewe na kiti chake. Tangu arudi hajaniambia neno zaidi ya salamu, na simlaumu. Nikachovya. Saa nne ikagonga. Ikalia, Mjomba! Mara tatu, ikanyamaza, halafu mara moja. Ni mara yangu ya kwanza kuisikia. Nilitaka kuruka. Nikamgeukia Barafu nicheke naye kuhusu ile moja ya mwisho. Yeye alikuwa anatazama kikombe.

Akasema, "Rudia."

Kurudia maana yake ni kungoja saa nzima. Nilikuwa na kazi kumi na mbili mezani. Mkuu aliniita mara mbili. Nikabadilisha maji, nikavuta kiti, nikakaa karibu naye. Sikuinuka, hata miguu sikuitikisa, na wewe unanijua. Saa tano ikagonga, ikalia tena, tatu na moja, akasikiliza mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Mwezi ujao mimi nitaleta maji."

Mpwa wako,
Kiherehere


Kwa: nukta, kiherehere, barafu
Kutoka: mashine ya bohari
5 Aprili, saa 5 asubuhi

Joto: 61
Kengele imelia.